Mpagazi, Manamba na Mama wa Mwani

Katika miaka yangu ya ualimu nilipenda kuwaambia wanafunzi kwamba historia ya nchi haikai vitabuni peke yake. Imo pia katika maneno. Chukua maneno haya manne: mpagazi, kibarua, manamba, mjasiriamali. Kila moja lilipata nguvu wakati soko la dunia lilipobisha hodi kwetu, na kila moja hutuambia tulipewa kazi gani na nani alishika mizani. Nimeyatafakari sana tangu nilipostaafu na kutulia hapa Mlingotini, kwa sababu vijana wakikaa barazani huuliza swali moja: bandari ikija, sisi tutapata kazi gani? Swali hilo si geni. Pwani hii imekuwa ikilijibu kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Tuanze na mpagazi. Katikati ya karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyokwenda na kutoka bara. Burton na Speke walipita Kaole mwaka 1857. Stanley aliondokea Bagamoyo mwaka 1871. Vitabu vya shule viliwataja hao, lakini viliwataja kwa uchache Wanyamwezi na wenzao waliobeba mizigo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama farasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ya kwenda Tabora ilichukua miezi. Posho na ujira vilipimwa kwa nguo, ushanga na waya. Nguo iliyopendwa sana iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa katika viwanda vya Marekani, huko Massachusetts. Pembe za ndovu zilizoshushwa hapa zilivuka bahari, na nyingi zikakatwa kuwa vibonyezo vya piano katika miji ya Ivoryton na Deep River, jimboni Connecticut.

Si haki kusema kwamba wapagazi wote walikuwa watumwa. Wengi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao na kugoma walipodhulumiwa. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873 biashara ile haikukoma mara moja. Ninalotaka msomaji aone ni mgawanyo wa kazi. Kufuma nguo kulikuwa kwa wengine, na kukata pembe kulikuwa kwa wengine. Sisi tulitoa bega. Na bega ni rahisi kupatiwa mbadala. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka huko. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mpagazi ikaisha, na Bagamoyo ikabaki na milango yake ya nakshi. Mpagazi hakuwa mvivu wala mjinga. Njia tu ndiyo iliyohama, naye hakuwa na sauti katika kuihamisha.

Kibarua maana yake ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Manamba nalo limetokana na namba, maana mtu aliyeandikishwa kwenda kukata mkonge alijulikana kwa namba yake. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukitokea Florida. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba ya Tanga, Morogoro na Kilosa. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwenye mkonge. Ndipo watu wakatoka mbali, wakaacha wake na mashamba yao. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na maelfu wakakosa kazi kwa sababu ya uvumbuzi uliofanyika kwenye maabara ambazo hawakuwahi kuzisikia.

Mimi niliingia chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa bado changa na Elimu ya Kujitegemea ndiyo wimbo wa kila siku. Neno la wakati ule lilikuwa mfanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na baadaye vikajengwa viwanda 12 vya kubangua korosho. Nia ilikuwa njema: pamba yetu tuifume wenyewe, korosho yetu tuibangue wenyewe. Lakini msimu wa 1973/74, ulipovunwa karibu tani 145,000 za korosho, ulikuwa kilele, na baada yake mavuno yakashuka. Kuhamishwa kwa watu vijijini kuliwaacha wengi mbali na mikorosho yao, na bei ya mkulima haikutia moyo. Viwanda vikasimama, vingine bila kufanya kazi ya maana hata siku moja.

Mwaka 1986 Serikali ya Mzee Mwinyi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ya biashara ikafunguliwa. Sisi tuliopanga foleni za sabuni na sukari hatuwezi kudharau neema ya kuona duka lenye bidhaa. Hata hivyo, mlango ukifunguliwa hupitisha wanaoingia na wanaotoka. Mitumba iliingia, viwanda vya nguo vikayumba. Korosho ghafi ilitoka, ikabanguliwa na akina mama wa Kerala, India. Wao walipata ajira kwa zao letu. Kwetu likaja neno mjasiriamali, ambalo mara nyingi lilimaanisha mtu aliyepoteza kazi akaambiwa ajitafutie.

Hapo ndipo ninapofika kwa mama wa mwani. Utafiti wa mwani ulifanywa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Baadaye kikavuka hadi Bara, na ghuba yetu ya Mlingotini, tulivu na yenye mchanga, ikafaa. Wakati wa bamvua maji yakitoka, akina mama hushuka na vigingi na kamba, hufunga vipande vya mwani, na baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Nimeshuhudia kazi hii ikisomesha watoto. Baba alipokosa samaki, mwani wa mama ulinunua daftari.

Lakini tazama mizani. Mwani mkavu husafirishwa nje, ukatolewa karajinani, ile dutu ya kugandisha iliyomo katika dawa ya meno na aiskrimu. Bei huamuliwa mbali. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa maji ya pwani yanapopata joto, na inayobaki ni spinosamu yenye bei ya chini. Tofauti na mpagazi, hata hivyo, mama huyu amepata pa kushika. Dakta Flower Msuya na wenzake walianza kuwafundisha wakulima wa Zanzibar kusaga mwani na kutengeneza sabuni, na maarifa hayo yakasambaa. Ni viwanda vidogo mno, lakini sabuni hiyo anayepanga bei ni mama mwenyewe.

Turudi sasa kwenye bandari. Mwezi Machi 2013 mkataba wa awali wa kujenga bandari kubwa Mbegani, jirani zetu kabisa, ulitiwa saini wakati Rais Xi Jinping alipotembelea Tanzania; jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Mradi ukasimama, na mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti yake hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Katika miaka hiyo yote watu wa Mlingotini na Pande walisikia habari za kuhamishwa, na mtu asiyejua kesho yake hapandi mnazi.

Kampuni ya Kichina iliyokuja na mpango huo, China Merchants, ndiyo iliyoanzisha eneo la viwanda la Shekou, huko Shenzhen, mwaka 1979. Pale napo palikuwa na wavuvi. Lakini China ilifungua milango yake hatua kwa hatua, ikiweka ushuru wa kulinda viwanda vyake, na iliingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya maandalizi. Mezani ikawa na kitu cha kuuza.

Kwa hiyo, vijana wa barazani, jibu langu ni hili. Bandari ni njia, kama msafara ulivyokuwa njia. Ikija na gati peke yake, italeta kazi ya bega, na mashine za kunyanyulia makontena hazihitaji mabega mengi. Ulizeni kabla ya kutia dole gumba: nyuma ya gati kutakuwa na kiwanda gani? Nani atafundishwa kuendesha mashine, na chuo cha uvuvi cha Mbegani kitapewa nafasi gani? Mwani wa mama zenu utasagwa hapa au utapita tu? Ndani ya jina la kijiji chetu mna neno mlingoti. Babu zetu waliuchonga, wakaufunga tanga, wakajua upepo. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji mkiwa na maswali hayo yameandikwa, na msiondoke kabla hayajajibiwa.