Katiba ya Norwei na Sababu za Kudumu Kwake

Katiba ya Norwei iliandikwa mwaka 1814 na inatumika hadi leo. Kati ya katiba za nchi zilizoandikwa katika hati moja na ambazo bado zinatumika, ni ya Marekani pekee inayoizidi umri.

Ilizaliwa wakati wa dharura. Januari 1814, baada ya kushindwa vitani, mfalme wa Denmark alisaini Mkataba wa Kiel na kuikabidhi Norwei, iliyokuwa chini yake, kwa Uswidi. Wanorwei hawakukubali kugawiwa. Wajumbe 112, wakiwemo maofisa wa serikali, wanajeshi, wafanyabiashara na wakulima, walikutana Eidsvoll, nyumbani kwa Carsten Anker, mwenye kiwanda cha chuma. Baada ya wiki zipatazo tano, tarehe 17 Mei, katiba ilikuwa tayari. Uswidi iliingia vitani msimu wa kiangazi na kupata muungano iliokuwa ikiutaka, lakini kwa sharti la kuiheshimu katiba hiyo. Novemba, Bunge la Norwei, Storting, lilirekebisha vifungu vilivyohusu muungano tu.

Sababu ya kwanza ya katiba kudumu ni kwamba iliwapa wananchi nguvu waliyoona inafaa kulindwa. Mfalme aliweza kuukataa muswada, ila ukipitishwa na mabunge matatu mfululizo, ulikuwa sheria hata bila ridhaa yake. Hivyo ndivyo ukabaila wa kurithi ulivyofutwa: Bunge lilipitisha muswada huo mwaka 1815, 1818 na 1821. Mfalme Karl Johan wa Uswidi na Norwei alipotaka haki ya kukataa miswada moja kwa moja, Bunge lilimkatalia.

Sababu ya pili ni utaratibu wa marekebisho. Pendekezo huwasilishwa katika Bunge moja na kuamuliwa na Bunge linalofuata baada ya uchaguzi mkuu, kwa theluthi mbili ya kura. Tena rekebisho halipaswi kupingana na misingi ya katiba. Kwa njia hiyo wananchi hupata nafasi ya kutafakari, na jazba za siku moja haziwezi kuibomoa kazi ya vizazi. Lakini utaratibu huu haukuzifunga kasoro milele. Ibara ya 2 ya mwaka 1814 iliwazuia Wayahudi kuingia nchini. Mshairi Henrik Wergeland aliongoza kampeni ya kuifuta marufuku hiyo. Mapendekezo ya awali yalikosa kura za kutosha, naye akafariki mwaka 1845. Marufuku ilifutwa mwaka 1851.

Sababu ya tatu ni uwezo wa kupokea mabadiliko ya kisiasa. Tangu 1884 serikali ililazimika kujiuzulu ikikosa imani ya Bunge, desturi iliyoandikwa katika katiba mwaka 2007 tu. Muungano na Uswidi ulivunjika mwaka 1905 bila katiba kuvunjika. Wanawake wote walipata haki ya kura mwaka 1913. Mwaka 2014, katiba ilipotimiza miaka 200, Bunge liliongeza sura ya haki za binadamu na kuiandika upya hati nzima kwa lugha ya kisasa.