Mwisho wa Reli, Mwanzo wa Maji: Tiketi, Stesheni na Meli katika Historia ya Kigoma na Ujiji

Watanzania wengi huitaja Kigoma kwa kauli moja: mwisho wa reli. Kauli hiyo ni sahihi kwa anayeitazama ramani akiwa Dar es Salaam, lakini huficha jambo ambalo insha hii inakusudia kulibainisha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Kigoma ilikuwa mahali pa kubadili chombo cha safari: abiria alishuka kwenye behewa, akateremka hadi gatini na kuendelea kwa meli. Hoja kuu hapa ni kwamba hadhi ya mji huu ilitokana na kiungo baina ya dirisha la tiketi na gati. Kiungo hicho kiliundwa na maamuzi ya kiutawala, na kwa sababu hiyo kiliweza pia kulegezwa na maamuzi ya namna hiyo.

Kabla ya reli, kiungo cha bara na ziwa kilikuwa Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Hapakuwa na nauli iliyopangwa. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 na kutaka kwenda Uvira, iliwabidi wapatane na Kannena, mkuu wa mahali hapo, kuhusu mitumbwi na wapiga makasia. Bei ya safari ilitegemea heshima, urafiki, hali ya hewa na uzito wa zawadi. Kwa hiyo Ujiji ilikuwa na soko la usafiri tangu zamani. Jambo ambalo haikuwa nalo ni nauli moja kwa kila mtu na ratiba inayojulikana kabla ya safari.

Utaratibu huo uliletwa na Reli ya Kati. Ujenzi ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905 ulifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, mwendo wa takriban kilometa 1,250. Wajerumani hawakuipeleka reli Ujiji, ingawa ndio uliokuwa mji mkubwa wa mwambao huo. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa upepo na maji yake ni ya kina kifupi, ilhali ghuba ya Kigoma ina kina na kinga. Meli kubwa ndiyo iliyochagua kituo cha treni. Ushahidi ni meli Goetzen, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa kwa makasha hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Reli na meli zilikuwa mradi mmoja.

Vita viliukatiza mradi huo mapema. Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji yalipokaribia kuuteka mji. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Wakati huohuo, makubaliano ya mwaka 1921 yaliipa Ubelgiji maeneo maalumu ya bandari Kigoma na Dar es Salaam ili shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zipite Tanganyika kwa masharti nafuu ya forodha. Ng’ambo ya ziwa, reli ya Wabelgiji ilikuwa imekwisha kufika Albertville, yaani Kalemie ya leo, tangu mwaka 1915. Kigoma ikawa fundo la njia za makoloni mawili.

Kilicholifanya fundo hilo lishike ni umoja wa usimamizi. Mamlaka ya reli ya Tanganyika iliendesha treni na meli pia. Utaratibu huo ukaendelea chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1948, kisha chini ya Shirika la Reli Tanzania lililoundwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya kuvunjika. Treni ikichelewa, aliyepaswa kuamua kama meli ingoje au iondoke alikuwa ndani ya shirika lilelile. Mwaka 1999 huduma za meli zilitengwa na kupewa Kampuni ya Huduma za Meli. Tangu hapo, kusubiriana kwa treni na meli kukahitaji maafikiano ya taasisi mbili zenye hesabu mbili. Reli haikuondoka Kigoma, wala ziwa halikuhama. Kilicholegea ni kiungo.

Hata hivyo, mtafiti anayefuata nyayo za tiketi peke yake atawakosa wasafiri wengi. Katika vituo vingi vya kusini, kuelekea Kasanga na Mpulungu, hapakuwa na gati. Liemba ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, mitumbwi ikaizunguka, na abiria wakapandishwa pamoja na magunia ya dagaa. Mwaka 1997 meli hiyo ilirudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi. Mwaka 2015 iliwatoa Warundi waliorundikana Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Hao hawakupita dirishani kama abiria wa kawaida, lakini hakuna historia ya usafiri wa ziwa hili inayoweza kuwaacha nje. Vivyo hivyo Ujiji haikufa: mitumbwi yake, na baadaye maboti ya injini, yaliendelea kuwahudumia watu ambao ratiba rasmi haikuwafikia.

Suala hili si la zamani tu. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Mjadala wake umejikita zaidi katika kasi na tani za shehena. Historia iliyofuatiliwa hapa inadai swali jingine liulizwe mapema: abiria akishafika Kigoma, nani atawajibika kumvusha? Swali hilo lilipokuwa na jibu moja, Kigoma ilikuwa lango la ziwa. Lilipopata majibu mawili, ilibaki kuwa mwisho wa reli.