Vitabu na Wasomaji wa Mrima, Kabla na Baada ya Intaneti

Swali la kama watu wangali wakienda maktaba tangu intaneti ilipoingia kwenye simu za mkononi huulizwa kana kwamba maktaba ilikuwa ni ileile moja tangu zamani mpaka simu ilipokuja kuivuruga. Katika Bagamoyo na Mrima kwa jumla, yaani ukanda wa pwani ya bara unaotazamana na Unguja, historia inaonyesha vingine: kwa muda mrefu msomaji wa pwani alimfuata mtu mwenye vitabu, na jengo la umma la kusomea ni jambo la juzi tu.

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilipokuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa, vitabu vilikaa majumbani mwa masheikh na matajiri, na pia misikitini. Vingi vilinakiliwa kwa mkono, vingine vilichapwa Bombay na Cairo, na katika miaka ya 1880 hata Unguja ilikuwa na matbaa, yaani kiwanda cha chapa, iliyoanzishwa na Sultani Barghash. Miswada ya mkono kwa kawaida haikuwa na nambari za kurasa. Mnakili aliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika ziweze kupangwa upya. Mara nyingine ukurasa wa mwanzo ulibeba maandishi ya wakfu, ambayo ni tamko la mwenye mali kwamba amekitoa kitabu kwa ajili ya Mungu, na kwamba tangu hapo hakiuzwi wala hakirithiwi. Kitabu kilisomwa kikiwa juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, mwalimu akifasiri na wanafunzi wakisikiliza, na aliyekimaliza alitafuta ijaza, yaani idhini ya mwalimu ya kukisomesha kwa wengine. Aliyekisoma peke yake bila mwalimu hakuhesabiwa kuwa amekisoma.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu aliyetoka katika mazingira hayo ya Bagamoyo, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 chini ya jina la Mjerumani Carl Velten. Mtoro mwenyewe alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kazi yake, iliyoandikwa na mtu wa Mrima kuhusu watu wa Mrima, ikakaa katika maktaba za Ulaya miaka mingi kabla haijawafikia wasomaji wengi wa nyumbani. Jambo hilo halipaswi kupitwa haraka, kwa kuwa ndilo lililozipata karatasi nyingi za pwani hii. Mfano wa upande wa pili ni Sheikh Ramiya, yaani Yahya bin Abdallah, aliyeletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Manyema, akasoma kwa wanazuoni wa mji, na akafa mwaka 1931 akiwa khalifa mashuhuri wa tarika ya Kadiria. Mtu aliyekuja bila mali na bila nasaba ya kujivunia aliweza kuvifikia vitabu kwa sababu mlango wa elimu ulikuwa mlango wa mwalimu, ingawa si kila mtumwa aliyefunguliwa mlango huo.

Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliojenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, walileta namna nyingine ya kutunza maandishi: shajara ya jumuiya, ambamo mambo ya kila siku yaliandikwa kwa mfululizo. Padri Charles Sacleux alikusanya maneno ya pwani kwa subira ya ajabu, hata kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka Paris kati ya mwaka 1939 na 1941.

Maktaba ya umma ilikuja kwa mzunguko. Baada ya mwaka 1948, East African Literature Bureau, yaani idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, ilipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1963 Tanganyika ikapata sheria ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Kampeni za elimu ya watu wazima ziliongeza wasomaji, na vijijini zikaanzishwa maktaba ndogo, lakini fedha za kigeni zilipoadimika katika miaka ya 1980 vitabu vipya vilikoma kuingia na rafu zikachakaa. Kwa hiyo anayeilaumu intaneti kwa kuziua maktaba za mikoani anamsingizia mgeni, kwani zilikwisha kudhoofika kabla mkonga wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009.

Intaneti ilichopunguza ni haja ya kuazima, haja ya mahali pa kukaa haikuipunguza. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua maktaba mpya yenye nafasi ya wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, na mwanafunzi wa leo huingia maktaba akiwa na madaftari yake mwenyewe, akitafuta meza, taa na utulivu ambao chumba cha kupanga hakina. Wanaokwenda, basi, wapo, ila wengi wao ni watu wa mitihani.

Kwa miswada ya kale mambo ni magumu zaidi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha na kuwekwa mtandaoni kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza, lakini wadukuzi walipoishambulia mifumo ya maktaba hiyo Oktoba 2023, picha hizo zilitoweka mtandaoni kwa muda mrefu, hali karatasi zenyewe hazikuguswa. Karatasi nazo zina adui zake: mchwa, mende, na hewa ya chumvi inayolegeza gundi na kula wino.

Bagamoyo ina bahati ambayo miji mingi ya pwani haina, kwani Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, kinachofundisha kazi ya kutunza vitabu na kumbukumbu chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kipo hapohapo mjini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ingefaa wanafunzi wake wafanye mazoezi ya kazi katika nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, za Saadani na za Pangani, wakiziorodhesha hati na misahafu ya familia mahali ilipo na kwa ridhaa ya wenyewe, na familia nazo zisizichome karatasi kuukuu wala kuzitupa kabla hazijaonwa na mtu anayezijua.