Apolo na Jembe Lake

Hapa Kayole, vijana wetu hutuuliza mara kwa mara: "Mchungaji, nitajuaje Mungu ananiitia kazi gani?" Pengine anayeuliza amemaliza shule na hana kazi. Pengine anachomelea vyuma kando ya barabara, naye adhani wito ni wa wavaa kanzu peke yao. Wengine wangoja ndoto au sauti ya usiku, na miaka yapita. Basi leo na tuyatazame maisha ya mtumishi mmoja wa Kanisa la Anglikana, Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alifuata dini ya Kiislamu, tena akawa askari. Alibatizwa Januari 1895, na mwaka uo huo Kanisa likamtuma Toro, magharibi mwa Uganda, kuwa mwalimu wa Injili. Mwaka 1896 alilivuka bonde la Semliki akaenda Boga, ambayo leo imo nchini Kongo. Waalimu wawili waliomtangulia huko walikuwa wameondoka kwa njaa, kwa sababu mtawala, jina lake Tabaro, hakutaka wapewe chakula. Apolo alizijua habari hizo. Alichukua jembe, apate kulima chakula chake mwenyewe.

Mateso yalimfika kweli. Alipigwa kwa amri ya Tabaro. Dada yake Tabaro alipoangukia mkuki uliofichika nyasini akafa, Apolo alishtakiwa, akatiwa gerezani. Katika siku hizo za taabu, mwaka 1898, alimwona Yesu Kristo usiku, aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumwagiza ahubiri pasipo hofu. Hata Tabaro baadaye akabatizwa, akaitwa Paulo.

Ndugu zangu, angalieni jambo hili. Maono yale yalikuja miaka miwili baada ya Apolo kufika Boga. Alipokwenda mara ya kwanza alikuwa na uhitaji wa watu mbele yake, Kanisa lililomtuma, na mikono iliyojua kulima. Akatii kwa hayo. Nuru kubwa ilimkuta tayari yumo kazini, ikamtia nguvu asikimbie.

Kijana Samweli naye aliitwa, akadhani ni Eli anayemwita. Ilimpasa mzee yule amwonyeshe ni sauti ya nani. Kwa hiyo mtu asiupime wito wake peke yake, wala asijipe cheo cha nabii kwa ndoto moja. Awaulize wazee wanaomjua, na aitazame shida iliyo karibu naye. Mchomelea vyuma anayemfundisha yatima ufundi kwa uaminifu amemtumikia Mungu, naye akiitwa kwenda mbali zaidi, atakutwa akiwa na bidii.

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Alihudumu Toro kwa miaka mingi, akarejea Boga, akawapelekea Injili Wambuti wa msituni. Huko Boga alilala katika Bwana tarehe 30 Mei 1933.

Na tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe jembe lililo karibu na mikono yetu, utupe moyo wa kulishika leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.