Tunazaliwa Jeddah, Tunahesabiwa Riyadh

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea kuhusu vyeti vya kuzaliwa, na maswali mengi yaliyokuja baadaye yalikuwa swali moja: sisi tuliozaliwa hapa, tukakua na ikama mfukoni, tumo kwenye takwimu za nani? Wengine mlishakata tamaa, mkasema hatumo popote, huku wageni na nyumbani wageni. Jibu fupi ni kwamba tumo, na kuna safu yetu kwenye majedwali. Lakini namna tunavyoingia humo ina historia yake, na wako watoto wenzetu ambao kweli hawaingii. Nimeamua kuandika kwa sababu hesabu zikisemwa kwenye maikrofoni zinapita tu, hazikai.

Kabla ya cheti

Ofisi ya takwimu ya Saudia ilipewa sheria yake mwaka 1379 Hijria, yaani 1960. Makao yake yako Riyadh mpaka leo, ingawa jina na hadhi vimebadilika. Sensa ya kwanza ilijaribiwa mwaka 1962 na 1963. Ilipata watu kama milioni 3.3, na serikali yenyewe ikaikataa. Ikabidi kusubiri hadi 1974, ikatoka hesabu ya watu 7,009,466, nayo baadhi ya wataalamu wa nje waliitilia shaka wakiona imezidi. Baada ya hapo zikaja sensa za 1992 (milioni 16.9), 2004 (milioni 22.7), 2010 (milioni 27.1) na 2022 (milioni 32.2). Ukitaka kuona kasi yake, chukua Riyadh: mwaka 2022 mji huo peke yake ulikuwa na watu milioni 7, sawa na ufalme mzima wa 1974. Jeddah ilikuwa na milioni 3.7 na kidogo.

Sasa, kama kuhesabu watu walio hai na wamekaa majumbani kulikuwa kugumu hivyo, kuhesabu vizazi kulikuwa kugumu zaidi. Miaka hiyo wanawake wengi walijifungulia nyumbani na mkunga, na hakuna aliyeandika kitu. Hata umri wa mama ulikuwa wa kukisia. Angalia vitambulisho vya wazee wa Kisaudi: wengi mno wamezaliwa tarehe 1/7 ya Hijria, mosi Rajab. Si kwamba siku hiyo ilikuwa na baraka za pekee. Karani alijua mwaka kwa kukisia tu, akaweka katikati ya mwaka, yakaisha. Kwetu pwani wazee wenzao wamejaa tarehe 1 Januari.

Halafu kuna kalenda yenyewe. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Ukimuuliza mama "umezaa mwaka huu?" naye akahesabu kwa Hijria, umemuuliza kuhusu siku kumi na moja pungufu. Kwa mtu mmoja si kitu. Kwa nchi nzima, ni karibu asilimia 3 ya vizazi vyote vya mwaka.

Dawa iliyochemshwa Nairobi

Hapa Afrika Mashariki inaingia kwenye hadithi, na nadhani wengi hamlijui hili.

Mwaka 1948 ilifanyika sensa kubwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Huko nako karibu hakukuwa na vyeti kwa Waafrika walio wengi. Mwaka huohuo kijana wa Kiskoti aitwaye William Brass alianza kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, Nairobi, akakaa hadi 1955. Mezani kwake palikuwa na majibu ya akina mama yasiyoelewana. Mama mzee, ukimuuliza amezaa watoto wangapi, anaweza kumwacha aliyekufa mchanga au aliyeolewa mbali. Mama kijana anakumbuka watoto wake wote vizuri, lakini ukimuuliza kama amezaa miezi 12 iliyopita anachanganya, mara anaingiza mtoto wa miezi 15, mara anamwacha wa miezi 11.

Brass alifanya kitu cha akili ya sokoni kabisa: akavipima vizani viwili kimoja kwa kingine. Majibu kuhusu mwaka uliopita yanaonyesha uzazi unavyopanda na kushuka kwa umri, hata kama idadi yenyewe si sahihi. Majibu ya vijana kuhusu watoto wao wote yanaonyesha idadi halisi. Chukua umbo kutoka huku, chukua kimo kutoka kule. Njia zake zikaenea duniani katika nchi zisizo na rejista za kuaminika, na kitabu alichokiongoza na wenzake kuhusu idadi ya watu katika Afrika ya kitropiki kilitoka 1968.

Saudia nayo, kwa miaka mingi, ilijua uzazi wake kwa kubisha hodi na kuuliza. Kulikuwa na utafiti wa afya ya watoto wa 1987, wa afya ya familia wa 1996, kisha tafiti za idadi ya watu za 1999, 2007 na 2016. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanasema mwanamke wa Saudia wa miaka ya 1970 alikuwa akizaa zaidi ya watoto 7 kwa wastani. Leo ni chini ya 3. Wasichana walianza kusomeshwa rasmi na serikali mwaka 1960, ndoa zikasogea mbele, miji ikakua. Hayo mnayajua, sirudii.

Ila shikeni jambo moja: kwenye tafiti zile za 1987 na 1996 waliohojiwa kuhusu uzazi ni wanawake waliowahi kuolewa. Aliyezaa bila ndoa hakuulizwa. Tutalirudia.

Karatasi inavyosafiri

Siku hizi karibu kila mtoto anazaliwa hospitali, na karatasi inaanzia hapo. Hospitali inatoa taarifa ya kuzaliwa, ile wazazi wetu wanaiita tabligh. Inakwenda Ahwal al-Madaniya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, nao wanatoa cheti. Ili cheti kitoke, lazima kuwe na ndoa inayothibitika. Kwa sisi wageni, safari haiishii hapo: pasipoti kutoka ubalozini, kisha Jawazat kwa ajili ya ikama. Mambo mengi sasa yanamalizika kwenye Absher, lakini mpangilio ni uleule.

Takwimu za vizazi zinachotwa humo, kwenye rejista. Sensa ya 2022 ni kitu kingine. Ilipangwa 2020, korona ikaizuia. Ilipofanyika, watu waliweza kujaza wenyewe mtandaoni au kumsubiri karani mlangoni na kishikwambi chake. Rejista inakwambia wangapi wamezaliwa, na sensa inakwambia wamezaliwa kati ya watu wangapi. Kiwango ni namba ya juu kugawanywa kwa namba ya chini, na ubishi wote uko kwenye nani yuko juu na nani yuko chini.

Hebu tupige hesabu

Chukua mtaa wa kubuni wenye watu 1,000. Mwaka huu wamezaliwa watoto 20. Kiwango ghafi cha vizazi ni 20 kwa kila watu 1,000. Sasa kampuni inaleta vibarua wanaume 300, inawapangisha hapohapo. Watoto ni walewale 20, lakini 20 kwa watu 1,300 ni kama 15 kwa kila 1,000. Uzazi "umeshuka" karibu robo, na hakuna mama hata mmoja aliyebadilisha mipango yake. Mwaka 2022 wasio Wasaudi walikuwa milioni 13.4, asilimia 41.6 ya watu wote, na wanaume walikuwa asilimia 61 ya wakazi wa nchi. Mtaa wangu wa kubuni si wa kubuni sana.

Ndiyo maana wataalamu wanapenda kiwango cha jumla cha uzazi. Wanaume hawamo kabisa. Unawagawa wanawake wa miaka 15 hadi 49 katika makundi saba ya miaka mitano mitano. Kila kundi unagawanya watoto waliozaliwa mwaka huo kwa idadi ya wanawake. Tuseme, kwa mfano tu, umepata hivi kuanzia kundi la vijana kwenda juu: 0.01, 0.09, 0.15, 0.14, 0.09, 0.03, 0.01. Jumla ni 0.52. Kwa kuwa kila kundi ni miaka mitano, zidisha kwa 5: unapata watoto 2.6.

Hao 2.6 ni watoto wa mama ambaye hayupo. Ni mwanamke wa karatasini aliyeishi miaka 35 yote ya uzazi ndani ya mwaka mmoja wa hesabu. Anasaidia kulinganisha, lakini usimtafute mtaani kwako.

Safu yetu

Uraia wa Saudia, kwa sheria ya 1954, unafuata baba. Kwa hiyo mtoto wa baba wa Lamu au wa Pemba aliyezaliwa Jeddah anaingia kwenye vizazi vya Saudia, safu ya wasio Wasaudi. Kwenye uzazi wa Kenya au Tanzania hayumo, kwa sababu utafiti wa Kenya uliotoa watoto 3.4 kwa mwanamke mwaka 2022 uliwahoji wanawake waliokuwa Kenya. Mama yangu hakuulizwa na mtu wa Nairobi. Alikuwa Jeddah, akihangaika na tabligh.

Nilipoelewa hilo nilidhani safu ya wasio Wasaudi inatusema sisi, familia za Hindawiya na Ghulail zenye watoto watano sita. Haitusemi hata kidogo. Kwenye namba ya chini ya safu hiyo yuko kila mwanamke mgeni wa miaka 15 hadi 49, pamoja na wafanyakazi wa ndani, wale wanaoitwa shaghala, waliokuja peke yao kwa mkataba. Mume yuko Kwale au Tanga, na akitaka mtoto anarudi kwao, mtoto anahesabiwa huko. Yeye anabaki kwenye namba ya chini kwa miaka yote ya mkataba bila kuongeza kitu juu. Kwa hiyo ukisoma kwamba wanawake wageni Saudia wanazaa kidogo, unachosoma kwa sehemu kubwa ni mikataba ya kazi, si maisha ya familia.

Safu hiyohiyo pia inaitikia sera. Julai 2017 ilianza ada ya wategemezi: riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikapanda kila mwaka hadi 400 mwaka 2020. Baba mwenye mke na watoto wanne alitakiwa kulipa riyali 24,000 kwa mwaka kabla hajanunua hata mkate. Wengi wetu tunawajua waliopakia masanduku miaka ile. Kila mama aliyeondoka alitoka na watoto ambao angewazaa hapa, na ndani ya jedwali hakuna mahali panaposema "walirudishwa na ada".

Pengo lisiloacha alama

Sasa turudi kwa yule asiyeulizwa. Mama aliyekimbia kwa mwajiri, akaandikiwa huruub, ikama ikafa. Amepata mimba, hana cheti cha ndoa, anaogopa hospitali. Mtoto anazaliwa chumbani. Hakuna tabligh, hakuna cheti, hakuna pasipoti, na bila pasipoti mtoto hana ruhusa ya kutoka nchini. Kwa Wakenya jambo hili limefika mbali kiasi kwamba serikali yao imewahi kutuma maafisa kuchukua vipimo vya DNA vya akina mama na watoto ili wathibitishwe na kurudishwa.

Kitakwimu, angalia kinachotokea. Kama mama angehesabiwa na mtoto asiandikwe, kiwango kingeshuka kidogo na mtaalamu angeshtuka, angesema hapa pana kasoro, kama Brass alivyoshtuka Nairobi. Lakini mama huyu hafungui mlango kwa karani. Hayumo chini, mtoto wake hayumo juu. Wametoka wote wawili kwa pamoja, na sehemu iliyobaki inagawanyika vizuri tu. Namba inatoka safi.

Ndiyo maana siwezi kukubali tunaposema "hata sisi hatuhesabiwi". Sisi tumehesabiwa, tena mara mbili tatu: rejista, sensa, ikama. Tunaweza kulalamikia safu tuliyowekwa, na nitalalamika, lakini neno "hatumo" tuwaachie wenye haki nalo. Na kama nyumbani kwenu kuna mtoto wa jirani au wa ndugu ambaye tabligh yake bado iko kwenye droo, msisubiri Ramadhani ipite. Kipeni kipande hicho cha karatasi uzito wake, kikafike Ahwal. Bila hicho hakuna njia yoyote ya hesabu itakayompata.

Kipindi kijacho tutaongea na akina mama waliojifungulia Jeddah miaka ya 1990. Kama mama yako ana kumbukumbu za foleni za Ahwal enzi hizo na yuko tayari kuongea, tuandikie.