Rufaa ya Viza ya Masomo: Ilikuwepo, Ikaondolewa

Leo tunaandika historia, lakini ni historia inayotugusa. Mwenzetu mmoja, Mkongomani, alinyimwa viza ya masomo. Barua ya chuo alikuwa nayo, ila ilikuwa ya masharti: atakubaliwa akishaleta diploma ya sekondari. Na diploma yenyewe iliungua pamoja na nyumba yao. Sisi tulidhani barua ni barua. Tukamwambia, kata rufaa. Kumbe rufaa hamna.

Ndipo tukaanza kujiuliza, hii rufaa tunayoitaja kila siku iliwahi kuwepo kweli? Iliwahi. Tuchukue Uingereza, maana sheria zake tumeweza kuzifuata mwaka kwa mwaka.

Mwaka 1962 ndipo Uingereza ilipoanza kuwazuia watu wa Jumuiya ya Madola kuingia kwa sheria. Mwanafunzi alipita akimridhisha afisa kwamba anakwenda kusoma. Afisa akikataa, basi, imeisha. Mwaka 1969 ikapitishwa sheria ya rufaa: aliyekataliwa akapata haki ya kusikilizwa na mwamuzi, yaani mtu mwingine kabisa, si mwenzake afisa.

Sasa tufike 1993, maana hapo ndipo kwenye mambo. Sheria mpya iliwaondolea rufaa watu wa aina tatu: wageni wa kutembea tu, wanaokwenda kwenye kozi isiyozidi miezi 6, na anayetaka kusoma lakini bado hajakubaliwa na chuo. Tuliposoma huyo wa tatu tulinyamaza kidogo. Ni kama wanamsema mwenzetu. Kuanzia hapo barua ya kukubaliwa haikuwa tena karatasi ya kuombea viza peke yake. Bila hiyo hata kulalamika mbele ya mwamuzi huwezi.

Halafu barua nayo ikapitwa. Mwaka 2009 ikaja namba ambayo chuo kinaitoa kwenye mtandao, inaitwa CAS, na inatumika kwa ombi moja tu. Wanaoomba wakiwa nje ya Uingereza wakabaki bila rufaa kamili. Sheria ya 2014 ikawafikia hata wanafunzi waliomo ndani. Kilichobaki ni kuomba uamuzi upitiwe upya: siku 28 ukiwa nje, 14 ukiwa ndani. Anayepitia anatafuta kosa la afisa. Kosa lako wewe halimhusu, na karatasi mpya kwa kawaida hazipokelewi. Kwa hiyo ukisahau kitu mwanzoni, kukileta baadaye ni kazi bure. Unaanza upya, unalipa upya.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tunawaomba kitu. Mkimsaidia kijana kujaza fomu, someni barua ya chuo mpaka mstari wa mwisho kabla ada haijalipwa. Neno "masharti" huwa limejificha chini huko, kwa herufi ndogo.

Mwenzetu alimtafuta prefe wa shule yake ya zamani kwa WhatsApp, wiki tatu nzima. Mzee yuko Goma. Akamwandikia uthibitisho kwamba alimaliza, akaupiga mhuri, akautuma kwa picha. Chuo kikakubali na masharti yakaondolewa. Ombi jipya bado halijatumwa. Ada ya viza ndiyo tunayochangishana sasa.