Kiyowe, Si Kitafutaji

Kuna rasimu ya istilahi za usafiri wa majini inayopita mkono kwa mkono. Humo, kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye jaketi okozi kimebatizwa "kitafutaji cha mtu aliyeanguka baharini". Urefu wake nausamehe. Uongo wake siusamehe.

Kiambishi -ji humtaja mtenda: mwindaji huwinda, mchimbaji huchimba. Kitafutaji, basi, hutafuta. Kifaa hiki hakimtafuti mtu. Chenyewe ndicho kinachotafutwa. Jaketi likijaa hewa au kifaa kikilowa, hutangaza kilipo kwa redio ya utambulisho wa meli, kwa namba inayoanza na 972, na meli iliyo karibu huona alama kwenye skrini. Mtafutaji ni nahodha. Na hilo "baharini" limewafuta wavuvi wa Bwawa la Mtera na abiria wa Ziwa Nyasa.

Msomi mwingine anapigania "king'ora". King'ora tunakijua: ni cha gari la wagonjwa na misafara ya wakubwa, na ujumbe wake ni mmoja, kaeni pembeni! Aliye majini anataka kinyume chake.

Anataka yowe. Huku kwetu Kilolo, Iringa, yowe likipigwa usiku Dabaga au Ilula, hakuna anayeuliza la nani. Watu hushika tochi na panga, wakaelekea sauti inakotokea. Yowe huita, tena huonyesha mahali. Lipachike ki-, upate faida mbili kwa mpigo: udogo, kama katika kigari na kijiwe, na uzana, kama katika kisu, kijiko na kipimo. Kiyowe, viyowe. Ukemi na unyende nimevipima pia: ukemi ni wito tu, hauna hatari ndani yake, unyende wengi wa bara hawaujui.

Nilipolipeleka neno hili kwa wahusika, nilijibiwa kwamba watu wa milimani wanajua viazi, si bahari. Viazi tunavijua kweli. Na Ruaha Mkuu, mto uliozibwa na kuwa Bwawa la Mtera, unapita mpakani mwetu.

Kuhusu kununua, kwa ufupi: kiyowe cha redio kinafaa penye meli zenye mtambo wa kukipokea, penye mitumbwi tu chukua cha setilaiti, cha megahezi 406, na ukisajili. Cha 121.5 peke yake usikitegemee, setilaiti ziliacha kukisikiliza tarehe 1 Februari 2009. Kanuni hubadilika, muulize kwanza mkaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC.

Na kwa kuwa kanuni na mitambo hubadilika, jina lifungwe kwenye kazi, si kwenye mtambo. Kiyowe hakitaji redio wala setilaiti. Mitambo ikibadilika, neno litabaki. Kamati ya istilahi ikae, ijilipe posho zake, kisha iandike neno hilo moja.